Mikono Miwili, Saa Mbili: Siku Yangu ya Kazi Hapa Kigoma

Majirani zangu wa Mwanga wamezoea kuniona nikipanda Barabara ya Lumumba kwa haraka kabla jua halijachomoza, nikiwa nimevaa saa moja mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia, na wengi wao wameshaamua kwamba napunguza mwili. Sipunguzi mwili. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha mimi na wanangu wawili: nakagua saa janja zinazopima mapigo ya moyo na kuhesabu hatua kabla tajiri wangu hajaziweka dukani, na saa ambayo sijaipitisha haiuzwi kwetu. Naieleza hapa Jumanne iliyopita, kwa ajili ya kila mteja ambaye huniuliza kwa nini saa yetu imezidi bei ile ya machinga ilhali zote zinawaka taa ileile ya kijani.

Saa 10:40 alfajiri. Kazi huanza kitandani. Nalowesha kwa maji mkanda wa kifuani, naufunga chini ya matiti, navaa saa mbili za aina mbili tofauti, kisha najilaza dakika kumi bila kuzungumza na mtu. Zikiisha, naweka vidole viwili shingoni kando ya koromeo na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima nikifuata saa ya ukutani. Siku hiyo nilihesabu 61. Mkanda ulisema 61, saa ya kushoto 60, ya kulia 63. Mtu akiwa ametulia, saa nzuri na saa mbovu hufanana kama mapacha, na ndiyo maana muuzaji wa barabarani hukuvalisha saa yake ukiwa umekaa kwenye benchi.

Mkanda wa kifuani ndio ninaouamini kuliko vyote, kwa sababu unapokea umeme wa moyo wenyewe. Kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kifaa cha kwanza cha namna hiyo kisichotumia waya mwaka 1982, na wazo lake halijabadilika sana tangu hapo. Saa ya mkononi haina njia ya kuusikia moyo. Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani, na kwa kuwa damu hunywa mwanga huo, kila pigo linaposukuma damu nyingi zaidi mkononi, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo. Saa huhesabu kupungua huko. Mmarekani Alrick Hertzman alikuwa akichunguza mishipa ya damu kwa mwanga tangu miaka ya 1930, kwa hiyo njia yenyewe si mpya wala si ya uongo. Ugumu wake ni kwamba chochote kinachoitikisa saa, au kinachoisukuma damu kwa sababu nyingine, kinaingia kwenye hesabu.

Saa 12:05 asubuhi nilikuwa mbele ya stesheni ya reli, lile jengo la Wajerumani linalotazama ziwa, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Naanzia hapo kwa sababu barabara inapanda moja kwa moja hadi Mwanga, na mlima haumwonei mtu huruma. Katikati ya mlima, pumzi zikiwa zimepanda, nilisimama chini ya taa ya barabarani na kusoma: mkanda 149, saa ya kushoto 146, saa ya kulia 121. Tofauti ya mapigo 28 si kosa dogo, lakini kilichonishtua zaidi ni ile namba yenyewe, kwa kuwa niliwahi kukutana nayo. Nilianza kupanda tena huku nikihesabu hatua zangu kwa midomo hadi dakika ikatimia. Zilikuwa hatua 120.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yangu. Saa ya kulia ilikuwa imeupoteza moyo na kushika miguu. Mkono unapobembea, unaitikisa saa na damu kwa mwendo wa hatua, na programu dhaifu ikikosa kutofautisha midundo miwili hukamata ule ulio wazi zaidi. Mvaaji haoni kasoro yoyote, kwa sababu 121 ni namba inayoaminika kabisa kwa mtu anayetembea. Ingesema 12 angeirudisha dukani siku hiyohiyo. Sikuihukumu papo hapo. Nilikaza mkanda wake tundu moja, nikaisogeza juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa vidole viwili kama kitabu chake kinavyoelekeza, nikateremka hadi stesheni na kupanda upya. Safari hiyo mkanda wa kifuani ulisema 151 na saa 119. Nikateremka mara ya tatu, maana katoni moja ina saa 24 na fedha ni za mtu, na sitaki kumtia mtu hasara kwa sababu ya mkanda uliolegea. Mara ya tatu ilisema 122. Magoti yalikuwa yanatetemeka nilipoandika kwenye daftari.

Saa 2:00 asubuhi nilifungua duka, nikafagia, nikapanga, nikauza chaja tatu na vioo viwili vya simu.

Saa 3:30 aliingia mwalimu mstaafu ambaye namfahamu kwa sura, amevaa koti, mkononi ana saa aliyoinunua kwa machinga siku ya treni kwa shilingi 35,000.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hii saa, tangu Jumapili haionyeshi presha. Inaonyesha vistari tu."

Niligeuza kioo cha nyuma nikakuta utando mweupe wa jasho na sabuni umeziba pale mwanga unapotokea. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji, nikamvalisha, na baada ya nusu dakika ikaandika 118/76. Mzee alifurahi, akatoa shilingi 2,000, akainuka. Angetoka hivyo, ingekuwa kazi ya dakika tano. Lakini akiwa mlangoni aliniambia, kwa furaha kabisa, kwamba saa hii imemsaidia sana, kwani kwa kuwa kila asubuhi kwa miezi miwili imemwonyesha presha iko sawa, ameacha vidonge.

Nilimwomba arudi akae. Nilimweleza kwamba kipimo cha presha kinahitaji mkanda unaojaa hewa, unaoubana mshipa wa damu hadi damu isimame, kisha unaachia polepole, na kwamba saa yake haibani chochote. Alinijibu kwamba amefundisha sayansi miaka thelathini na kwamba teknolojia inakua. Nilikubali kwamba inakua. Akauliza kama mimi ni daktari, nikasema hapana. Akauliza nimesomea wapi mambo ya moyo. Nikamwambia ukweli, kwamba nimejifunza kwa kupima kila siku. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waliondoka. Alianza upya tangu mwanzo, treni, machinga, boksi lenye picha ya moyo, na jirani yake mwenye saa kama hiyohiyo ambaye naye presha yake iko sawa. Nilimwonyesha maandishi ya boksi jingine nililolikataa mwezi uliopita, lililodai kupima hata sukari bila kutoboa kidole, nikamwambia kwamba mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwezi Februari 2024 dhidi ya saa na pete za namna hiyo. Alisema hiyo ni sukari, yeye amezungumzia presha. Saa 4:40 tulikuwa bado palepale, na nilihisi hasira inapanda kwenye koo langu kwa sababu alikuwa na heshima zote na hakuwa akisikia neno.

Mlango wa pili mama mmoja huuza ndizi. Nilinunua ndizi mzuzu moja, nene na bado ngumu, nikaiweka juu ya meza ya kioo, nikamwomba mzee avue saa yake, nikaifunga kwenye ndizi. Taa ya kijani ikawaka juu ya ganda. Tulikaa kimya sote wawili tukitazama kile kiduara kinachozunguka. Kwanza yalitokea mapigo: 74. Kisha presha: 117/78.

Mzee aliinama karibu, akavaa miwani, akasoma tena.

"Fanya tena," alisema.

Nilifanya tena. Ndizi ilipata 119/77.

Nilitegemea angenishukuru, lakini alikasirika. Alisema nimemdhalilisha mbele za watu, kwamba binti mwenye adabu hamfananishi mzee na ndizi. Nilimwomba radhi, na niliiomba kwa dhati, kwa sababu ningeweza kutumia taulo lililokunjwa na lingetoa namba vilevile. Kisha nikafunga duka, nikamwambia: "Baba, twende hapo duka la dawa, nitalipia mimi." Alikuja, nafikiri, ili kunionyesha kwamba nimekosea. Dada wa duka la dawa alimkalisha dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akamfunga mashine. Ilitoka 168/102. Akasubiri, akapima tena: 164/100. Alimwandikia kwenye karatasi na kumwambia aende hospitali siku ileile. Mzee alikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa koti, akaondoka bila kuniaga. Saa yake ilibaki kwenye meza yangu, bado imefungwa kwenye ndizi.

Nilikula ugali wa muhogo na dagaa bila hamu.

Mchana nilikwenda Kibirizi kwa bodaboda, na njiani niliandika jambo ambalo wateja hawaliamini: nilikuwa nimekaa tu, lakini mitikisiko ya pikipiki iliniongezea hatua 190 kwenye saa ya kulia na 22 kwenye ya kushoto. Dereva wa bodaboda akinunua saa ile ya kulia, jioni itampongeza kwa safari ambayo hakutembea. Nakwenda Kibirizi kwa sababu wanaoshusha mizigo kwenye maboti wanafanya kazi ambayo hakuna kitabu cha maelekezo kinachoitaja. Kijana mmoja mchukuzi, ambaye namlipa kwa saa moja ya muda wake, alivaa mkanda na saa zote mbili, akabeba magunia kutoka kwenye boti hadi kwenye lori. Nilitembea pembeni yake na daftari. Mara tu vidole vilipokamata gunia, misuli ya mkono ilikaza, damu ikabanwa, na hata saa nzuri ya kushoto, ambayo nilikwisha kuipenda, ilianguka hadi 97 wakati mkanda unasema 158. Alipotua gunia, ilirudi baada ya sekunde kumi na mbili hivi. Niliihamishia juu zaidi kuelekea kiwiko, penye nyama, ikafanya vizuri zaidi ingawa haikupona kabisa. Hilo nililiandika kwa wino mwekundu, na kila mbeba mzigo na kila mnyanyua vyuma atakayeinunua ataambiwa kabla hajatoa fedha.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliuliza swali ambalo huulizwa kila wiki: "Dada, mwanga huo unaiona damu kwenye ngozi yetu nyeusi, au wameitengeneza kwa ajili ya Wazungu?" Ni swali la haki, kwa kuwa weusi wa ngozi nao hunywa mwanga wa kijani. Nilimjibu ninachokijua: watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa watu 53 wenye rangi mbalimbali za ngozi, na hawakuona tofauti kubwa kati ya rangi na rangi, walichoona ni kwamba kosa liliongezeka kwa wastani wa asilimia 30 mtu anapofanya shughuli kuliko anapopumzika, na kwamba saa na saa zinatofautiana sana. Kisha nikamvalisha saa ya kushoto, nikahesabu shingoni kwake. Mimi nilipata 70, saa 71. Alicheka kwa kuridhika.

Jua lilikuwa limeinama kuelekea Kongo nilipozizamisha saa zote mbili ziwani, nikazisugua kwa mchanga laini, nikazikausha kwa kanga. Sikumbuki vizuri nilirudi dukani saa ngapi. Nakumbuka tajiri alikuwa amekaa kwenye kiti changu, na nilipomwambia katoni ya saa za kulia irudishwe yote, alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyotaka. Aliuliza kama haziwezi kuuzwa kwa bei ya chini kama saa za kawaida. Nikasema zinaweza, iwapo sehemu ya mapigo itafungwa na tutaandika kwenye boksi kwamba hazipimi moyo. Akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, 121 na 120, 119, 122, akalifunga, akampigia simu msafirishaji.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, ulikuja ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa mjukuu wa mwalimu. Babu yake ameonwa hospitali, amerudishiwa vidonge, ameambiwa arudi Ijumaa, na anauliza kama saa yake ipo, kwa sababu hana nyingine ya kumwonyesha muda. Nilimjibu kwamba ipo kwenye droo, nimeichaji, na ukurasa wa presha nimeuondoa kwenye kioo. Kisha nikafungua boksi la aina nyingine iliyoletwa na basi, nikavaa moja kushoto na moja kulia, nikauweka mkanda wa kifuani karibu na bakuli la maji.