Albamu za roki ya kusini na kantri roki: fuata magitaa kwanza

Mpenzi wa kantri huku Nyanda za Juu Kusini mara nyingi ameanzia kwa Jim Reeves, Kenny Rogers au Dolly Parton, na amezoea kusikiliza maneno kabla ya kitu kingine. Kwa albamu ninazozieleza hapa, geuza utaratibu huo. Fuata magitaa kwanza, sauti ya mwimbaji itakujia yenyewe. Huu ni muziki wa kati ya mwaka 1968 na 1977, kazi ya vijana waliochanganya bluzi, kantri na roki, na uzuri wake mkubwa uko katika namna magitaa mawili au matatu yanavyogawana kazi bila kukanyagana.

Masikio ya kuusikiliza tayari tunayo. Aliyekua akiwasikia Tancut Almasi Orchestra wa Iringa anajua kwamba solo ina kazi yake, ridhimu ina yake, besi ina yake, na kwamba waimbaji wakinyamaza ndipo shughuli inapoanza. Allman Brothers Band wa Macon, Georgia, wanapiga kwa mantiki hiyohiyo.

Albamu yao ya "At Fillmore East" naiweka mbele ya zote, wala sioni ya kuishindanisha nayo. Ilirekodiwa jukwaani New York tarehe 12 na 13 Machi 1971, prodyuza akiwa Tom Dowd, ikatoka Julai mwaka huohuo. Duane Allman na Dickey Betts wako kwenye magitaa, Berry Oakley kwenye besi, Gregg Allman anaimba na kupiga kinanda cha Hammond, na nyuma yao wamekaa wapiga drams wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Nyimbo ni saba tu, lakini zilijaza santuri mbili, kwa sababu "Whipping Post" peke yake inakwenda dakika 23 hivi na "You Don't Love Me" dakika 19.

Usiisikilize mara ya kwanza kwa spika ya simu. Magitaa hayo mawili yamewekwa pande tofauti, na spika moja inayachanganya mpaka yanakuwa uji. Tumia earphone, masikio yote mawili, kisha anza na "In Memory of Elizabeth Reed", ambao hauna maneno kabisa. Mwanzoni Betts anapiga noti huku kitufe cha sauti kikiwa kimefungwa, halafu anakifungua polepole kwa kidole kidogo, hivyo ule mlio wa kucha kwenye uzi haupo na gitaa linalia mithili ya fidla. Inafuata melodi inayopigwa na magitaa yote mawili pamoja, kisha solo ya Betts, kinanda, na solo ya Duane inayopanda hatua kwa hatua. Rudia wimbo ukiwa umetoa earphone ya upande mmoja, halafu wa pili. Mara ya tatu fuata besi ya Oakley peke yake. Haikai chini kushika muda tu, inajibizana na solo.

Ile melodi ya magitaa mawili ndiyo wengi hutaka kuiga, na ndipo wanapokosea. Tuseme uko katika A meja, yaani skeli (ngazi ya noti) inayoanzia A. Gitaa la kwanza likipiga A, B, C#, D, E, la pili linapiga C#, D, E, F#, G#. Yaani unaruka noti moja ndani ya skeli. Anayekosea huhesabu freti (vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) nne juu kwa kila noti: A inampa C#, sawa, lakini B inampa D#, ambayo haimo kwenye A meja, na masikio ya wote yanashtuka. Umbali ni freti nne mahali fulani na tatu mahali pengine. Skeli ndiyo inayoamua. Mazoezi mazuri ya jambo hili ni "Jessica", katika albamu ya "Brothers and Sisters" ya mwaka 1973, ambao uko A meja na hauna kasi ya kutisha. Duane hayumo humo, alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki Oktoba 1971, na Oakley naye alifuata Novemba 1972 kwa ajali ya pikipiki vilevile, baada ya kurekodi sehemu ndogo tu ya albamu hiyo. Piano ya Chuck Leavell ndiyo iliyochukua nafasi kubwa ya gitaa la pili.

Sasa slaidi, yaani kutelezesha kichupa au chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza, maana wimbo wa kwanza wa "At Fillmore East" unafunguliwa nayo. Duane alitumia kichupa cha dawa cha glasi kwenye kidole cha pete na kutuni gitaa E wazi, yaani nyuzi zote zikipigwa bila kubonyeza zinatoa kodi ya E (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja): E, B, E, G#, B, E kuanzia uzi mnene. Kwenye gitaa la umeme haina shida. Kwenye galatoni (gitaa lisilo la umeme) la bei ya chini, lile ambalo daraja linaloshikilia nyuzi limebandikwa kwa gundi, usifanye hivyo. Kutoka A hadi B, na kutoka D hadi E, mvuto wa uzi unaongezeka kwa zaidi kidogo ya robo, na daraja linaanza kubanduka au shingo inapinda. Tuni D wazi badala yake: D, A, D, F#, A, D. Hapo nyuzi nne zinalegezwa, mbili zinabaki zilivyo, hakuna uzi unaokazwa. Ukitaka kupiga sambamba na rekodi, weka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya pili, umefika E.

Kichupa kiwe cha glasi nene, kinyooke pande zote, na kikae kidoleni bila kucheza. Chuma pia kinafaa: Lowell George wa Little Feat alitumia spana ya boksi ya kufungulia plagi, na mlio wake mrefu usiokatika unausikia kwenye "Dixie Chicken" ya mwaka 1973. Spana hizo zinapatikana kwa wauza vifaa vya magari na pikipiki, Mwanjelwa ya Mbeya kama Mlandege ya Iringa, lakini chagua isiyo na meno ya kutu ndani na upime kidole kabla ya kulipa. Ukipiga, slaidi ikae juu kabisa ya chuma cha freti, sio nyuma yake kama unavyobonyeza kwa kidole. Ukikaa nyuma, kila noti inakuwa chini ya pale inapotakiwa. Usigandamize. Kidole kilicho nyuma ya slaidi kiguse nyuzi kidogo kuua milio isiyotakiwa. Wengi husahau hili, ndiyo maana slaidi zao zinanguruma. Nyuzi zikiwa chini mno, slaidi itagonga freti. Umbali wa milimita 2.5 hadi 3 juu ya freti ya 12 unatosha.

Hali ya hewa yetu nayo ina mkono wake. Gitaa lililolala kwenye chumba cha baridi Uyole au Njombe mwezi wa Julai, likipelekwa kwenye ukumbi uliojaa watu, nyuzi zinapata joto, zinarefuka, na tuni inashuka. Litoe kwenye mfuko, liache dakika 20 kabla ya kulituni. Masika mbao hunywa unyevu, uso wa galatoni unavimba na nyuzi zinapanda. Kwa kubonyeza ni kero, kwa slaidi ni nafuu.

Lynyrd Skynyrd wa Jacksonville, Florida, ni somo la magitaa matatu. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1973, ile ambayo jina lake linaelekeza namna ya kutamka jina la bendi, ilitengenezwa na Al Kooper na ina "Free Bird". Nusu ya mwisho ya wimbo huo ni mzunguko wa kodi tatu tu, G, B♭ na C, na juu yake Allen Collins anarundika solo, gitaa lake likiwa limerekodiwa mara mbili ili lisikike nene. Lakini kwa mgawanyo wa kazi nenda "Second Helping" ya mwaka 1974, ambamo Ed King, aliyepiga besi kwenye albamu ya kwanza, amehamia gitaani pamoja na Collins na Gary Rossington. "Sweet Home Alabama" una kodi za D, C na G karibu wimbo mzima, na wapigaji wengi wakiiona D mbele wanapiga solo kwa skeli ya D meja. Skeli hiyo ina C#, na kodi ya pili ni C, zinagombana. King alipiga kwa G, na G inakaa juu ya kodi zote tatu. "Street Survivors" ilitoka tarehe 17 Oktoba 1977. Siku tatu baadaye ndege yao ilianguka Mississippi, wakafa mwimbaji Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines na dada yake Cassie aliyekuwa akiitikia. Gitaa la Gaines kwenye albamu hiyo ni zuri kiasi cha kuumiza.

Kwa ufupi: Marshall Tucker Band wa Spartanburg, albamu yao ya kwanza ya 1973, ichukue kwa ajili ya filimbi ya Jerry Eubanks na gitaa la Toy Caldwell, aliyepiga kwa dole gumba bila piki (kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi). "Tres Hombres" ya ZZ Top, mwaka huohuo, inaonyesha gitaa moja linavyoweza kutosha. Creedence Clearwater Revival wanahesabiwa na wengi kuwa watu wa kusini kwa sababu ya mlio wao, lakini ni wa California. "Willy and the Poor Boys" ya 1969 na "Cosmo's Factory" ya 1970 hazina hata wimbo mmoja wa kuruka.

Upande wa kantri roki, mlango ni "Sweetheart of the Rodeo" ya The Byrds, 1968, iliyorekodiwa kwa sehemu Nashville baada ya Gram Parsons kujiunga nao. Mimi hata hivyo naipenda zaidi "The Gilded Palace of Sin" ya Flying Burrito Brothers, 1969, na sababu ni pedali stili ya Sneaky Pete Kleinow. Chombo hiki ni gitaa lililolazwa mezani: mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, miguu inakanyaga pedali na magoti yanasukuma vyuma vinavyokaza au kulegeza nyuzi baadhi huku nyingine zikitulia. Ndiyo ile sauti inayolia taratibu kwenye kantri uliyoizoea. Kleinow aliipitisha kwenye fazi, kifaa cha kukwaruza sauti, na mara nyingine hujui kama unasikia kantri au roki kali. Kisha sikiliza "Grievous Angel" ya Parsons akiimba na Emmylou Harris. Ilitoka 1974, yeye akiwa ameshafariki Septemba 1973.

Eagles nao, kabla ya "Hotel California", walitoa albamu ya kwanza mwaka 1972, iliyorekodiwa London na Glyn Johns. Sikiliza banjo ya Bernie Leadon inavyokimbia chini ya "Take It Easy". "Hotel California" yenyewe, ya Desemba 1976, ina mwisho wa magitaa mawili ya Don Felder na Joe Walsh, na hesabu ya noti ni ile niliyoieleza kwa Allman, ila hapa inafuata kodi zinavyobadilika kuanzia Bm.

Kuhusu nakala, kuwa makini. Mikusanyiko ya nyimbo bora mara nyingi huweka matoleo yaliyokatwa kwa ajili ya redio: "Free Bird" kamili unapita dakika 9, ukikuta wa dakika 4 na ushee umepunjwa. Mafaili ya kbps 128 yanaharibu matoazi, yanasikika kama yanachemka. Ya 320 yanakula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo "At Fillmore East" nzima inataka bando la kama MB 180. Video zilizopandishwa mtandaoni na watu binafsi wakati mwingine zimeongezwa au kupunguzwa kasi, na gitaa lako halitapatana nazo hata ulituni vipi. Pima noti ndefu ya besi kwa kutumia tuna, kile kifaa cha kupimia tuni. Kama tofauti ni ndogo, chini ya nusu ya nusu toni, inaweza kuwa mashine ya kanda ya wakati ule. Tuni gitaa kufuata rekodi. Ikiwa imezidi hapo, linganisha na nakala nyingine kabla ya kugusa gitaa.