Kibanio: pima ng'ombe kwanza, ndipo uulize bei ya chuma

Anayekwenda kununua kibanio cha ng'ombe, au krashi kama wasemavyo wafugaji wa Kenya, yaani kichochoro chembamba chenye mlango wa kumshika ng'ombe anapochanjwa au kutibiwa, huanza kwa kugonga bomba kwa kidole na kuuliza unene wake. Unene una maana yake, nitaufikia. Lakini mara nyingi ng'ombe anayeumia kibanioni haumizwi na wembamba wa bomba. Anaumia kwa sababu alipata nafasi ya kugeuka katikati ya kichochoro, aliteleza, au alibanwa shingo na mlango usiomfaa. Na mtu anayeumia hupigwa na mti wa nyuma, au mpini wa mlango, au teke lililopenya kwenye pengo ambalo fundi hakulifikiria.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko zizini, na chombo chake ni futi kamba. Mpime ng'ombe wako mkubwa kuliko wote pale mwili ulipo mpana zaidi, iwe ni tumboni au nyongani, kisha ongeza sentimita 5 hivi kila upande. Zebu wetu mdogo wa kilo 200 hadi 350 hukaa vizuri kwenye kichochoro chenye upana wa ndani wa sm 55 hadi 60. Boran na chotara wa Friesian wanataka sm 65 hadi 70. Fahali mzito anaweza kuhitaji 75. Mwenye zebu akinunua kibanio cha sm 75 kilichochomelewa kwa ajili ya ng'ombe wakubwa wa maziwa, mtamba wake ataingia, ageuke, akutazame usoni, huku wenzake wawili wakimsukuma. Hapo humrudishi tena. Ama ufungue ubavu, ama umsubiri aruke.

Mwenye mchanganyiko, ndama wakubwa pamoja na majike na dume, atapata nafuu kwa kichochoro chenye umbo la V: sm 40 chini, sm 75 hadi 80 juu. Miguu inakuwa haina nafasi ya kugeuka, tumbo linapata pa kukaa. Ubaya wake ni kwamba ng'ombe akianguka ndani ya V anajikaza kama kabari, na kadiri anavyohangaika ndivyo anavyozama. Usijenge V bila ubavu mmoja unaofunguka kuanzia juu hadi chini. Hata kibanio cha kuta zilizosimama wima kinapaswa kuwa na ubavu huo, na pini yake ichomoke kwa mkono, bila nyundo.

Wafugaji wa ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, kuanzia Karagwe hadi Mbarara na Rwanda, wana shida nyingine. Pembe zile hazipiti penye mlango wenye ufito juu yake, na ukuta mrefu uliozibwa huzinasa. Kwao kichochoro kiwe na fito za juu zilizo chini ya usawa wa pembe wakati ng'ombe anatembea, na mlango wa mbele uwe wazi upande wa juu, ufunguke kwa upana wote. Kichwa kishikwe kwa kamba na kufungwa kwenye nguzo imara. Mlango wa kubana shingo usilazimishwe hapo.

Sasa mlango wa kichwa, ambao ndio moyo wa kibanio. Kuna wa mkasi: vyuma viwili vyenye bawaba chini, vinafunguka juu na kubana shingo katikati. Ni rahisi kutengeneza na hufungika upesi. Hatari yake iko pale chini vyuma vinapokutana, kwa sababu ng'ombe akipiga magoti koo linashuka kwenye ile pembe nyembamba na kubanwa. Kuna wa kujifunga wenyewe, ambao ng'ombe anausukuma kwa mabega nao unambana. Unamfaa mtu anayefanya kazi peke yake na ng'ombe watulivu wa maziwa wenye ukubwa unaolingana. Ng'ombe wa malishoni anayekuja mbio ataupiga kwa mabega na kujiumiza, na kila ukibadilisha ukubwa wa mnyama lazima uurekebishe. Wa tatu una vyuma viwili vilivyosimama wima vinavyosogea pande zote mbili kuacha nafasi pana ya kutokea. Huu ndio ninaoupendelea kwa mashamba mengi.

Katika huo wa tatu chagua vyuma vilivyonyooka. Vilivyopinda hushika kichwa vizuri zaidi, maana ng'ombe hawezi kukipandisha wala kukishusha ovyo, na ndiyo sababu vinapendwa. Lakini mnyama akilegea miguu, chuma kilichopinda hukandamiza shingo kwa chini, na hapo haikatiki pumzi tu: mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo nayo inabanwa. Anapoteza fahamu mapema kuliko unavyodhani. Kwenye vyuma vilivyonyooka anaweza hata kulala na shingo ikiwa ndani, akabaki akipumua. Vyovyote uwavyo mlango wako, ukiona magoti yanakunjika, fungua kwanza, sindano itarudiwa.

Vyuma vilivyonyooka vinaacha kichwa kikicheza juu na chini, na kazi nyingi za sasa ni za kichwani. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huchomwa chini ya ngozi karibu na sikio, na siku hiyohiyo ng'ombe huchomwa dawa ya oksitetrasaiklini. Hereni za utambuzi nazo ni za sikioni, na tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipozinduliwa Bariadi mwaka 2025, wafugaji wengi wa Tanzania wamejikuta wakihitaji kibanio, ilhali zamani waliridhika na kamba na vijana wanne. Suluhisho la kichwa kinachocheza ni hatamu ya kamba: ivishe, vuta kichwa upande mmoja, pitisha kamba kwenye pete iliyochomelewa kwenye nguzo ya mbele, kisha funga kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Fundo la kukaza lisikaribie kibanio.

Chanjo hiyo ya ndigana ina sababu nyingine ya kutaka kichochoro kinachokwenda vizuri. Ikishayeyushwa na kuchanganywa hudumu saa chache tu, na mrija mmoja wa chanjo kwa kawaida huchanganywa kwa dozi 40. Kibanio kinachoingiza ng'ombe mmoja kila robo saa kitawamwagia dozi mlizokwisha kulipia.

Kabla hujalipa, fanya jaribio hili hapohapo kwa fundi: funga mlango wa kichwa, waambie watu wawili wausukume kwa nguvu kutoka ndani, nawe ufungue kwa mkono mmoja. Mlango ukikataa kufunguka, usiuchukue, hata ukipunguziwa bei, kwa sababu ng'ombe anayekabwa husukuma kuliko watu wale wawili. Kisha pitisha kiganja sehemu zote za ndani ukitafuta ncha za chuma na matone ya kuchomelea. Linalokukwaruza wewe litamchana ng'ombe. Tazama mpini unaelekea wapi ukiachiliwa ghafla. Ukipita usawa wa uso wa anayeushika, ukatwe na kugeuzwa. Mwisho tikisa mlango usikilize. Kelele ya chuma kwa chuma huwatisha ng'ombe walio nyuma kabla hawajaguswa, na vipande vya tairi kuukuu kwenye sehemu zinazogongana huimaliza.

Nyuma ya ng'ombe pawe na mti wa kumzuia asirudi, upite kwenye vishikio vya pande zote mbili, juu ya goti la nyuma. Utelezeshe kutoka ubavuni kwa kiganja kilichofunguka, bila kuukumbatia kwa mkono wala kusimama nyuma ya ncha yake. Ng'ombe akirudi nyuma mti ukiwa umeingia nusu, unageuka kuwa wenzo, na mfupa wa mkono hauna nguvu za kushindana nao. Kama kuna kupima mimba au uhimilishaji (kupandikiza mbegu ya dume kwa mrija), lazima kuwe na kilango cha pembeni cha mtaalamu, na mlango mwingine wa kumzuia ng'ombe anayefuata asimjie mgongoni. Huo wa pili husahauliwa sana, na daktari wa mifugo anayeujua mwili wake atakataa kuingia bila huo.

Tuje kwenye nguzo na fito. Kwa mfugaji wa ng'ombe 20 hadi 40, kichochoro cha mita 6 kinatosha ng'ombe 4 kwa mstari, ukihesabu mita 1.5 kwa kila mmoja. Nguzo zikiwa kila mita 1.2 utahitaji 12, kila moja mita 2.4 na unene wa sm 15, sm 80 zikiwa ardhini. Fito 5 kila upande ni mita 60 kwa pande zote mbili: ufito wa chini uwe sm 35 kutoka ardhini, wa juu kabisa mita 1.5, iliyobaki igawanywe katikati. Kwa Boran na ng'ombe wakali ongeza ufito mwingine kwenye kimo cha mita 1.7 na nguzo ndefu zaidi. Boliti ni 60 za mm 12. Saruji, ukimwaga zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) kuzunguka nguzo kwenye mashimo ya sm 35 na sakafu ya sm 10 kwa 1:2:4 yenye upana wa mita moja, ni mifuko 8 ya kilo 50. Zege la nguzo liinuke kidogo juu ya ardhi na literemke nje, maji yasituame shingoni mwa nguzo, kwa sababu hapo ndipo mti huoza na mchwa huanzia.

Fito zote zifungwe upande wa ndani wa nguzo. Ng'ombe akisukuma, ufito unajikaza kwenye nguzo. Ukiufunga nje, kila msukumo unang'oa boliti. Vichwa vya boliti vizamishwe ndani ya mti, nati na mikia ya boliti vibaki nje. Msumari peke yake hautoshi, na seng'enge haina nafasi hapa hata kidogo. Mlingoti (mkaratusi) au msonobari uliotiwa dawa kiwandani unafaa. Wengi hupaka nguzo oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Ng'ombe huilamba, na oili iliyotumika inaweza kuwa na risasi inayowadhuru. Kama ni lazima, paka sehemu inayofukiwa tu.

Ukichagua chuma, bomba la inchi 2 kwa fito na inchi 3 au 4 kwa nguzo ni kiasi kizuri. Hapo ndipo unene una maana: bomba la fanicha linapinda mara ya kwanza dume anapoegemea. Kibanio cha kuhamishika ni kizuri kwa wanaohama, lakini kisichofungwa ardhini kinaweza kupinduka ng'ombe anaporuka. Kiwe na matundu ya mambo (vigingi) kwenye kila kona, na mambo za chuma za angalau sm 60.

Sakafu wengi huiacha mwisho, na ndiyo inayoamua kama ng'ombe atatulia. Mnyama anayeteleza anaogopa, na anayeogopa anapigana. Zege laini ni baya kuliko udongo. Kabla halijakauka, chora miraba ya sm 20 yenye mifereji ya kina cha sm 2.5, na ulipe mteremko mdogo wa kutoa mkojo na maji.

Mwelekeo uwe kaskazini hadi kusini, ili asubuhi na jioni ng'ombe asitembee akilitazama jua. Zizi la kuingizia liwe na ukuta mmoja ulionyooka sambamba na kichochoro na mwingine ukipinda kuelekea kwake kwa nyuzi 30 hivi, kama faneli. Lijaze nusu tu. Likijaa, ng'ombe hawaoni njia na hawana pa kugeukia. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ameonyesha kwa miaka mingi jinsi vitu vidogo vinavyowasimamisha ng'ombe: mnyororo unaoning'inia, dimbwi linalong'aa, kivuli kilichokatiza njia, koti lililoanikwa uani. Wakigoma, pita mwenyewe ndani ya kichochoro ukiwa umeinama kimo chao, utakiona. Ukitaka asonge mbele, tembea kutoka kichwani kwake kuelekea mkiani; ukivuka bega lake ndipo anaposonga. Fimbo haihitajiki kwa hilo.

Kwa wiki ya kwanza usimchome ng'ombe yeyote sindano humo. Acha mlango wa mbele wazi, weka pumba upande wa kutokea, wapite kila siku, mtulivu akitangulia. Aliyeogopa sana umwache nusu saa kabla ya kumjaribu tena, maana moyo wake hautulii kwa dakika tano. Na kila kabla ya kazi, kwangua samadi iliyoganda kwenye reli ya mlango, tia grisi kwenye bawaba, uhakikishe pini ya ubavu inachomoka. Ifunge kwa kamnyororo kafupi kwenye nguzo, na nyingine ya akiba ining'inie upande wa pili.