Kasa, mwani na fomu isiyokubali

Februari 2024 mkuu wa ofisi yetu aliniita, akafunga mlango, akaniuliza, "Hivi Kichina chako bado unacho?"

Nilijua linakotoka swali lile. Mwezi mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imeanza kuwazuia wanafunzi wengi wa uzamili kuja na wake, waume na watoto wao. Wanigeria, ambao ndio waliokuwa wakijaza madarasa yetu, walipungua kama maji ya bamvua yanavyokupwa, na kuporomoka kwa naira kukawamaliza waliosalia. Chuo chetu ni kidogo. Kiko katika mji wa kaskazini ambao hata Waingereza wengi wanaujua kwa kuupita na treni tu. Mwaka ule, katika kozi zote za uzamili, wanafunzi kutoka China walikuwa 9.

Kichina nilikuwa nacho. Mimi ni mtu wa Pemba, na kwetu Mchina si mgeni: madaktari wa mkoa wa Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu 1964, na nilipokatwa na kombe ufukweni nikiwa mtoto, aliyenishona mguu pale hospitali ya Mkoani alikuwa mmoja wao. Nilipopata udhamini wa serikali ya China nikaomba Nanjing, kwa sababu ndio mji mkuu wa mkoa wa yule daktari na sikujua jina jingine. Mwaka mmoja wa lugha, minne ya shahada. Baadaye nikaja Uingereza kwa uzamili, nikabaki na kazi hii ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, ambapo hadi siku ile nilikuwa nashughulikia Afrika Mashariki.

Mwezi wa Machi nikapanda ndege na mabegi mawili ya vipeperushi.

Nilianza pabaya. Maonyesho ya elimu ya Shanghai yalinila siku mbili na sauti yangu yote. Banda letu lilikuwa katikati ya vyuo viwili vyenye majina makubwa, na wazazi walikuwa wakipita kwangu njiani kwenda kwao. Aliyesimama aliuliza neno moja tu: "Paiming?" Yaani, mko nafasi ya ngapi katika orodha ya dunia? Nikitaja, anashukuru na kuondoka. Sikuwalaumu. Pale Shanghai nafasi hiyo ni mali: aliyehitimu katika vyuo 50 vya juu duniani ana njia nyepesi ya kupata hukou, ile hati ya ukaazi inayoamua mtu atapata huduma gani za mji na mtoto wake atasoma wapi. Chuo chetu hakimo katika 50, wala katika mia, wala sitaki kuendelea kuhesabu.

Tena kulikuwa na suala la sura yangu. Wazazi walinitazama mimi, wakatazama bango lenye jina la Kiingereza, wakarudi kunitazama. Mzee mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa mwalimu wa Kiingereza amekwenda wapi. Nikamjibu kwa Kichina changu cha Nanjing kwamba amekwenda kunywa chai na majibu yote ameniachia mimi. Alicheka mpaka akachukua kipeperushi. Mtoto hakumleta, lakini.

Siku ya tatu nikaacha maonyesho, nikapanda treni ya kasi hadi Nanjing kuwasalimu walimu wangu, na kutoka pale mwendo wa kama saa moja hadi Hefei, mkoa wa Anhui, ambako kulikuwa na wakala mdogo aliyewahi kutuletea mwanafunzi mmoja. Nawaeleza mawakala hawa kwa ufupi, maana watu huwaona ama wezi ama malaika. Familia inamlipa wakala aandae maombi. Chuo nacho kinamlipa kamisheni mwanafunzi akishafika. Kwa hiyo anakula huku na huku. Lakini familia ambayo hakuna aliyewahi kutoka nje ya nchi, na fomu yote kwa Kiingereza, itafanyaje?

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kumi na mbili, meza sita, mafaili hadi sakafuni. Mshauri, msichana wa miaka ishirini na kitu, alinimiminia maji ya moto kisha akaniambia, "Laoshi, umekuja wakati wenyewe. Au hukujua?" (Laoshi ni mwalimu, na kule kila mtu wa chuo ni mwalimu, hata karani wa risiti.)

Sikujua. Akanieleza, na kile alichonieleza kwa robo saa ndicho nilichofanyia kazi hadi leo.

Kila mwisho wa Desemba China hufanya kaoyan, mtihani wa kuingia uzamili. Ule wa Desemba 2023 walijiandikisha watu milioni 4.38, na walio wengi hawapati nafasi. Matokeo hutoka mwishoni mwa Februari. Basi Machi kuna maelfu ya vijana majumbani ambao wamesoma mwaka mzima usiku na mchana, wamekosa, na wana mambo matatu mbele yao: kurudia, kutafuta kazi, au kwenda nje. Uingereza inawafaa kwa sababu uzamili wake ni mwaka mmoja. Ila wakati huo vyuo vikubwa vya Uingereza vimeshajaza kozi zinazogombewa. Wenye mipango yao waliomba tangu Septemba na Oktoba.

Nikaona mvua zetu. Kuna vuli na kuna masika. Vyuo vyote vilikuwa vikilima wakati wa vuli, na sisi wadogo tulikuwa tukienda kulima shamba lilelile, tukirudi na magugu. Masika hakuna aliyekuwa akituzuia.

Nikauliza mbona basi hatuletei watu. Akageuza kompyuta nione. Ilikuwa orodha yetu wenyewe.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. China ina vyuo zaidi ya 3,000, na juu kabisa kuna 39 vinavyoitwa 985, kwa sababu mpango wao ulitangazwa mwaka 98 mwezi wa 5. Chini yake kuna kundi la 211, ambalo vyuo vyake ni mia moja na kitu. Mpango wenyewe umeshabadilishwa jina tangu 2017, lakini watu wanaendelea kusema 985 na 211 kama sisi tunavyotaja duka kwa jina la mwenyewe aliyekufa zamani. Waliobaki wote wanaitwa shuangfei, yaani "si hiki wala si kile." Vyuo vingi vya Uingereza vina orodha ya siri au ya wazi: aliyetoka 985 aje na wastani wa alama fulani, shuangfei aje na alama nyingi zaidi. Chuo chetu, nikagundua, kilinakili orodha ya chuo kikubwa neno kwa neno. Kwa shuangfei tulidai asilimia 85. Wenye 85 huchukuliwa na wakubwa. Wenye 76, ambao wangekuja kwetu kwa furaha, tulikuwa tumewafungia mlango kwa mikono yetu.

Niliporudi nilipeleka jambo hili kwenye kamati ya udahili, wakaniambia tunashusha viwango. Sikubishana. Nilichimba matokeo ya Wachina wote waliopita kwetu ndani ya miaka sita, hawakufika hata themanini, nikaweka alama walizokuja nazo upande mmoja na walizomalizia upande wa pili. Waliotoka shuangfei na waliotoka 211 hawakutofautiana kwa kitu cha maana. Kamati ikakubali 75 kwa wote, kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Kizuizi cha pili kilinitia aibu zaidi. Yule mshauri aliniambia kwamba fomu yetu ya maombi "haikubali." Nikadhani ni mtandao wao. Nikajaribu mwenyewe hotelini usiku ule. Fomu ilikuwa na kile kisanduku cha mwisho cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na kisanduku chenyewe ni cha Google, na Google imezuiwa nchini China. Mtu anajaza kurasa nne, anapandisha vyeti, anafika chini, kisanduku hakitokei na kitufe hakibonyezeki. Ni miaka mingapi ilikuwa hivyo? Hakuna aliyeweza kunijibu. Fundi wetu alisoma kidogo akakuta Google wana anwani ya pili ya kisanduku hicho ambayo inafunguka China. Kazi ya mchana mmoja. Bajeti ya matangazo ya mwaka mzima haikufanya kilichofanywa na mchana ule.

Mengine yalikuwa madogo madogo. Wenye ukoo wa Lü pasi zao husema LYU, vyeti vyao husema LV, na mfumo wetu ukawaona ni watu wawili tofauti. Nikaandika maelezo ya mstari mmoja kwa wadahili, basi. Wachina wanapomaliza shahada hupewa vyeti viwili, cha kuhitimu na cha shahada, na sisi tulikuwa tukiomba "cheti" tu, wakileta kimoja tunawarudisha. Na saa: ninapofungua kompyuta saa tatu asubuhi wakati wa baridi, China ni saa kumi na moja jioni, washauri wanabeba mikoba. Nikahamia kuanza kazi nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwao ni saa nane mchana. Mke wangu alilalamika, ana haki. Lakini mshauri mwenye mafaili sitini humpeleka mtoto kwenye chuo kinachojibu leo.

Bado akina mama. Kijana ndiye anayejaza fomu, lakini katika kundi la WeChat, ile programu ya ujumbe ya Wachina, mwenye kuuliza saa sita za usiku ni mama. Huwauliza wenzangu kama wanajua neno haigui, na hawalijui. Maana yake ni aliyerudi kutoka ng'ambo, lakini linatamkwa sawasawa na jina la kasa. Kasa huondoka ufukweni mdogo, akazunguka bahari, akarudi. Ni neno la fahari. Siku hizi wamerudi wengi mno, na aliyerudi bila kupata kazi wamempa jina jingine, haidai, anayengoja, ambalo linatamkwa sawasawa na mwani.

Safari ya pili, pale pale Hefei, mama mmoja alikuja na binti yake aliyekosa kaoyan kwa alama chache. Binti alinyamaza muda wote. Mama akasema, "Laoshi, nitauza nyumba ndogo ya mama yangu nimlipie ada, halafu arudi awe mwani?"

Nikamwambia, "Ayi" (yaani shangazi, ndivyo wanavyomwita mama wa makamo), "mama yangu analima mwani." Akadhani namfanyia mzaha. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya bimkubwa Pemba, maji magotini, kamba na vigingi, furushi kichwani. Nikamwambia madaftari yangu yote ya msingi yalinunuliwa kwa mwani ule. (Si mwani wa supu yao, ni aina nyingine, lakini sikuona haja ya somo la mimea.) Akaishika simu muda mrefu. Kisha akaanza kuniuliza maswali ya kweli: mama yangu alinipeleka vipi mbali nikiwa na miaka kumi na tisa, nilikula nini, niliumwa nani alinitazama. Swali la paiming halikuja. Nilimwambia pia kwamba chuo chetu hakitampa mwanawe hukou ya Shanghai. Akasema hawana mpango na Shanghai. Binti anataka kurudi Hefei afanye kazi ya uhasibu. Sasa hapo tulikuwa na la kuzungumza.

Kutoka siku hiyo nikawa naanza na habari mbaya: nafasi yetu katika orodha, mvua, ukimya wa mji baada ya saa kumi na mbili jioni. Wanaoondoka, waondoke mapema. Na sikuandika tena matangazo. Mwanafunzi mmoja kati ya wale tisa alikuwa tayari akiweka video Xiaohongshu, mtandao wa kijamii wa Wachina, kuhusu bei ya mchele, basi linalochelewa na bibi jirani anayemletea keki, na watu wakimuuliza mambo chini yake. Nilichofanya ni kumwomba ruhusa ya kuwapa wazazi jina la ukurasa wake. Mkurugenzi wa mawasiliano alitaka tumpe maneno ya kusema, nikakataa.

Septemba 2024 walikuja 31. Septemba 2025 walikuja 58. Kwa vyuo vikubwa hiyo ni idadi ya darasa moja, kwetu ni kozi mbili zilizookolewa zisifungwe. Ila katika wale 31 alikuwamo kijana ambaye Kiingereza chake kilikuwa kimeponea chupuchupu, nami nilijua, na nilimsukuma mbele kwa sababu hesabu ilikuwa inahitaji mtu. Alianguka masomo manne, akarudi kwao Februari bila cheti. Baba yake hakunitukana. Alinishukuru kwa usumbufu, na lile nalikumbuka zaidi kuliko makofi ya kamati. Sasa mwenye alama za Kiingereza za kubahatisha namwambia angoje mwaka.

Binti wa Hefei alimaliza, akarudi, yuko kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Mwaka mpya wa Kichina mama yake alinitumia hongbao kwa WeChat, ile bahasha nyekundu ya pesa. Kanuni za chuo haziniruhusu kupokea zawadi, na kuikataa waziwazi ni kumvunjia heshima. Bahati nzuri bahasha isiyofunguliwa hujirudia yenyewe kwa mtumaji baada ya saa 24. Nikaiacha ikarudi. Kesho yake akatuma nyingine. Nayo nikaiacha. Ya tatu ilikuja na ujumbe wa sauti: "Laoshi, hii si yako. Ni ya mama wa mwani."