Kompyuta ya Mjomba Ilipogoma Kuwaka

Mjomba alinipigia simu asubuhi akasema kompyuta yake imegoma. "Imeandika maneno mengi halafu imenyamaza," alisema, na kwa jinsi alivyosema nikajua ameshaizima na kuiwasha mara nyingi akitumaini maneno yale yatachoka yenyewe.

Nilikuta skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Yalisema kwamba Windows imeshindwa kuanza kwa kuwa faili fulani halipo au limeharibika, na chini yake likafuata jina la faili lenyewe: \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM.

Ilikuwa mwaka 2013. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa imebakiza miezi michache tu kabla ya kuachwa rasmi Aprili 2014, na watu niliowajua walikuwa wameshahama. Mjomba hakuhama, na sababu yake ilikuwa na uzito. Printa yake ilikuwa ya utepe, ile inayolia kama inakata bati, nayo ilichomekwa nyuma ya kompyuta kwa plagi pana ya pini 25. Kompyuta mpya hazikuwa na tundu la namna hiyo. Isitoshe, yeye ni mwalimu wa hisabati aliyestaafu, na ndani ya kompyuta ile alikuwa anaandika kitabu cha mazoezi ya jometri. Mtu aliyefika sura ya saba hataki kusikia habari za kuhama.

"Umeme ulikatika jana, mjomba?" nikamuuliza.

"Ulikatika nikiwa naandika, mjomba." Tunaitana hivyo wote wawili.

Fundi aliyempigia kabla yangu alikuwa ameshamwambia kwa simu kuwa dawa ni kufomati, yaani kufuta diski yote, na kuweka Windows upya. Ushauri huo huniudhi mpaka leo. Kuna wakati kufomati ni lazima, lakini fundi anayeanza nako bila hata kuiona mashine hajatibu kitu, amejirahisishia kazi tu. Faili la mfumo likiharibika lina mapacha: lipo kwenye CD, lipo kwenye akiba ya diski, lipo kwenye kompyuta ya jirani. Sura saba za mjomba hazikuwa na pacha popote.

Kwa hiyo sikugusa Windows kwanza. Nilikuwa na CD ya Ubuntu, mfumo mbadala wa Windows, inayoweza kuendesha kompyuta bila kuandika chochote kwenye diski yake. Nikaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza, nikaiambia ianze na CD, nikangoja ile CD inune na kunguruma mpaka ikafungua. Diski ya mjomba ikaonekana nzima, folda kwa folda. Nikanakili maandishi yake yote kwenye flashi, nikampa aishike. Akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Hapo ndipo nikarudi kwenye ugonjwa. Faili lile lililotajwa ni sehemu ya rejista, yaani daftari ambamo Windows inaandika kila kitu inachokijua kuhusu mashine na watumiaji wake. Kwenye XP daftari hilo liko ndani ya folda ya config, na kiini chake ni mafaili matano: DEFAULT, SAM, SECURITY, SOFTWARE na SYSTEM. Likiharibika la SYSTEM, Windows haijui hata ianze na dereva ipi, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa, na ndiyo maana inakufa kabla ya kuonyesha picha yoyote.

Nikaweka CD ya XP, nikabonyeza R kuingia kwenye sehemu ya ukarabati. Inauliza nenosiri la msimamizi. Mjomba hakuwa na habari kwamba nenosiri hilo lipo, basi nikabonyeza Enter tu, ikakubali. Nikaandika chkdsk /r, amri ya kukagua diski na kurekebisha makosa yake. Ukiwa na haraka, amri hii itakutesa: asilimia zinapanda, unafurahi, mara zinarudi nyuma bila maelezo, zinapanda tena. Ilipomaliza ikasema imekuta makosa na kuyarekebisha.

Maelekezo ya kawaida yanasema uchukue nakala za rejista kutoka folda ya repair. Nakala hizo zipo kweli, lakini mara nyingi ni za siku Windows ilipowekwa. Ukizirudisha, kompyuta inaamka kama imezaliwa leo, haiijui printa wala programu yoyote iliyowekwa baadaye. Njia niliyoipenda zaidi ilikuwa folda iliyofichwa iitwayo System Volume Information. XP ikiachwa na mipangilio yake huweka humo kumbukumbu ya hali yake karibu kila siku ikiwa imewashwa. Kila kumbukumbu ina folda inayoanza na RP na namba, na ndani yake, kwenye snapshot, yamo mafaili yaleyale matano kwa majina marefu kama _REGISTRY_MACHINE_SYSTEM. Sehemu ya ukarabati haikuruhusu kuingia humo, Ubuntu iliruhusu. Nikachagua folda ya juzi yake, kabla umeme haujakatika, nikayapa yale ya zamani majina mengine badala ya kuyafuta, nikaweka haya mapya mahali pao kwa majina mafupi.

Ikawaka. Mandhari ile ya kilima cha kijani ikajitokeza, printa ikatambuliwa, mjomba akapiga makofi. Tukaulaumu umeme na mimi nikaenda zangu.

Wiki haikuisha. Safari hii Windows iliwaka, lakini kila alipotaka kuchapisha, kilitokea kisanduku kikisema DLL fulani, faili lenye vipande vya programu, si faili halali. Nikaendesha sfc /scannow, amri inayopitia mafaili ya mfumo moja moja na kurudisha yaliyobadilika. Ikadai CD. Nikaweka CD, ikaikataa, ikataka CD ya Service Pack 2, kifurushi cha marekebisho ya XP. CD ya mjomba ilikuwa ya toleo la kwanza, na Service Pack 2 iliongezwa baadaye. Mafaili yake, hata hivyo, yalikuwa kwenye diski, ndani ya C:\WINDOWS\ServicePackFiles. Nikaingia kwenye rejista nikaielekeza huko, ikatulia. Sfc ya XP haina adabu ya kuaga: mstari unajaa, dirisha linajifunga, na ukitaka kujua imefanya nini ukatafute kwenye kumbukumbu za matukio. Nikatafuta. Ilikuwa imebadilisha mafaili kadhaa, ambayo kwa akili yangu hayakuhusiana kabisa. Moja la printa, moja la sauti, moja la fonti.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Umeme ukikatika huharibu kile kilichokuwa kinaandikwa dakika ile. Faili la fonti nani aliliandika? Nikaendesha chkdsk tena, diski ikawa safi. Nikaangalia afya ya diski yenyewe, haikuwa na sekta mbovu hata moja iliyohamishwa. Diski ilikuwa inatunza kwa uaminifu kile ilichopewa, ila ilikuwa inapewa uchafu.

Basi nikafanya jaribio dogo. Nikachukua faili kubwa kuliko yote niliyoyaona, nikalinakili kwenye folda nyingine, kisha nikalinganisha asili na nakala kwa fc /b, amri inayopitia bayti kwa bayti, yaani kipande kimoja kidogo cha data baada ya kingine. Nakala inapaswa kufanana na asili, hakuna zaidi ya hapo. Skrini ikatoa mistari michache:

74 64
35 25
F0 E0

Nikamwita mjomba aje aone, maana hizi zilikuwa hesabu za fani yake kuliko yangu. Kushoto bayti ya asili, kulia ya nakala, zimeandikwa kwa msingi wa kumi na sita. Aliziangalia kwa muda, miwani imemshuka puani. "Kila moja imepungua kumi," akasema, "yaani kumi ya kwao, kumi na sita yetu." Na ndivyo ilivyokuwa. Kila bayti iliyoharibika ilikuwa imepoteza biti moja kati ya nane zinazoiunda, kila moja ikiwa sifuri au moja; ni ileile moja, ya tano kutoka kulia. Uharibifu wa bahati mbaya hauna mpangilio kama huo. Mahali fulani palikuwa na biti isiyoweza kushika moja, kila ukiipa moja inakurudishia sifuri, na mahali hapo hapakuwa kwenye diski.

CD ileile ya Ubuntu ina Memtest86+, programu ya kupima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo data hupita kompyuta ikifanya kazi, kwenye menyu yake ya mwanzo. Nikaiachia. Haikuchukua muda, mistari myekundu ikaanza kushuka, anwani zilezile zikijirudia, na kwenye safu ya biti zenye kosa ikaandika 00000010, ile kumi ya kwao. Kompyuta ilikuwa na vipande viwili vya RAM vya MB 256. Nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, nikasukuma vibano vya pembeni, kipande cha kwanza kikaruka juu. Nikajaribu kimoja kimoja, vyote kwenye tundu moja, ili tundu lisije likasingiziwa. Cha kwanza kikapita bila doa. Cha pili kikaleta wekundu papo hapo.

Sasa mambo yote yakaingia mahali pake. Rejista huishi kwenye RAM kompyuta ikiwa imewaka, na kila ikiandikwa kwenye diski inaandikwa kutoka huko. Mafaili mazima niliyoyarudisha, na yale ambayo sfc iliyafuata kwenye akiba, yote yalipita kwenye RAM ileile kabla ya kufika yanakokwenda. Nilikuwa nampa mgonjwa dawa safi kwa kijiko chenye sumu. Na umeme, ambao tulishaulaani, huenda haukuhusika kabisa.

Kipande kibovu nikakitoa. XP inahitaji MB 64 tu ili iende, na 128 ndizo zinazopendekezwa, kwa hiyo 256 zilizobaki zilimtosha mtu anayeandika na kuchapisha. Nikarudia sfc, nikanakili lile faili kubwa tena na tena, fc ikasema hakuna tofauti. Kwangu kazi ilikuwa imeisha.

Mjomba ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuuliza mapema. "Hiyo biti ilikuwa inachagua mafaili ya Windows peke yake?"

Haikuwa inachagua. Nikachukua karatasi, nikamwandikia herufi na namba ambazo kompyuta huzitumia kuzitunza, kwa msingi uleule wa kumi na sita. Herufi t ni 74, na d ni 64. Ukiinyang'anya t biti ile, inakuwa d. Kwa mtindo huohuo s inakuwa c, u inakuwa e, y inakuwa i. Tarakimu nazo: 4 inakuwa alama ya dola, 5 inakuwa alama ya asilimia.

Akanyamaza, kisha akacheka kicheko kifupi cha hasira. Kumbe alama za dola na asilimia alikuwa akizikuta kwenye maandishi yake kwa miezi. Kwenye kibodi, dola inakaa juu ya 4 na asilimia juu ya 5, kwa hiyo kila alipokuta "sm $" alijua moja kwa moja kuwa kidole chake kimebaki kwenye Shift. "Mctari" nayo akaisamehe kama uzee. Alikuwa amerekebisha nyingi kimyakimya, na alishaanza kufikiri amtafute kijana wa kumwandikia kwa sababu mikono haimtii tena. Nilivyomwona, kule kugundua kwamba mikono yake ni mizima kulimfurahisha kuliko kompyuta yenyewe.

Dola na asilimia tulizitafuta kwa programu yenyewe ya kuandikia, kazi nyepesi, maana kitabu cha jometri hakina biashara nyingi na dola. Herufi zilikuwa ngumu zaidi. Programu yake haikukijua Kiswahili, ilipigia mstari mwekundu karibu kila neno, sahihi na bovu sawasawa. Lakini nilipoendelea na orodha yangu kwenye karatasi nikafika kwenye sifuri, nikasita. Sifuri ni 30. Ikipoteza biti ile inakuwa 20, na 20 ni nafasi tupu.

Nikamweleza. Kumi inageuka moja, na nyuma yake kuna nafasi ambayo hakuna jicho litakaloiona. Hamsini inageuka tano. Hakuna mstari mwekundu utakaoipigia hiyo.

Mjomba hakujibu. Aliinuka akaenda kwenye rundo la kurasa alizokwisha kuchapisha, akapekua kwa kidole kilicholowa mate, akarudi na ukurasa wa sura ya tatu. Kuna mwanafunzi wake wa zamani aliyempa mazoezi ayajaribu, na kijana huyo aliurudisha ukurasa huo akiwa ameandika pembeni kwa penseli, kwa heshima kabisa, kwamba swali hili halina jibu. Mjomba alijua kijana hakujitahidi. Swali lilitaka eneo la pembetatu yenye pande za sm 6, sm 8 na sm 1.

"Pembetatu hii haipo duniani," alisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Sita na moja hazifiki nane. Mimi niliandika kumi."

Akavuta kiti, akachukua kalamu nyekundu na karatasi tupu, akafungua ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza. Nilimwambia naweza kubaki tukasaidiana kusoma. Akasema kusoma hakutasaidia, mazoezi yote itabidi yakokotolewe upya moja baada ya jingine, na mimi jometri yangu anaijua, alinifundisha yeye.