Jinsi nilivyomkwamua mpwa wangu kwenye vipimo vya eneo

Mpwa wangu wa darasa la saba alikuwa anakosa kila swali la kubadili mita za mraba kuwa sentimita za mraba. Anazidisha kwa 100, basi. Kumkaririsha tena jedwali kusingesaidia. Alikuwa hajaona eneo lenyewe.

Tukachukua chaki na futikamba, tukachora sakafuni mraba wa mita 1 kwa mita 1. Nikamwambia aweke alama kila sentimita 10 pande zote, kisha aunganishe mistari. Ikatoka miraba midogo 100. Je, kila mmoja una sentimita ngapi za mraba? Akapima mmoja: 10 × 10, yaani 100. Akanyamaza kidogo, akaandika 100 × 100 = 10,000.

"Kumbe mjomba, urefu nao unabadilika, upana nao unabadilika!"

Aljebra tuliipitisha humo humo kwenye michoro. Mstatili una upana x, urefu x + 3, mzingo sentimita 26. Akaandika kila upande, akapata 4x + 6 = 26, x ni 5. Eneo: 5 × 8, sentimita za mraba 40. Mita moja ya ujazo kuwa sentimita za ujazo 1,000,000, hiyo aliigundua mwenyewe.