Sakafu ya jikoni imenimaliza magoti

Jamani, magoti hayana hali. Wikendi nzima nimepiga magoti jikoni nikitandika lamineti (vibao vyembamba vya sakafu vya kupachikana) juu ya mbao za kale. Nyumba yetu hapa Leicester, Uingereza, ni ile ya matofali ya enzi za Malkia Victoria; ukikanyaga karibu na sinki, ubao unalia kama mlango wa ghala.

Nilidhani kazi ni kutandika tu. Wapi! Jumamosi yote iliishia kwenye maandalizi: kuzamisha misumari iliyochomoza, kukaza mbao zinazocheza kwa skrubu (fupi, maana mabomba ya maji yanapita hapo chini), kisha plaiwudi ya milimita 6 juu yake. Nilipolaza rula ndefu nikaona bonde katikati. Miaka mitano nalikanyaga, sijui!

Maboksi ya lamineti yalilala sebuleni saa 48 yazoee hali ya nyumba. Mume wangu kajikwaa mara mbili, kanuna. Jumapili nikatandaza foamu, nikaanza kupachika: tak, tak. Kando ya kuta nimeacha milimita 10, maana lamineti hutanuka na kusinyaa. Na ndiyo, najua lamineti na maji si marafiki. Mbele ya sinki nimeziba kwa silikoni.

Kosa langu sasa: sikupima mlango. Sakafu imepanda, mlango umegoma kufunguka zaidi ya nusu. Tunaingia jikoni kwa ubavu. Kesho naazima randa kwa jirani.