Nilivyoweza kuishi Pickering bila gari

Nilipopata kazi katikati ya Toronto, Kanada, kodi za nyumba za kule zingemeza karibu mshahara wote. Nikatafuta chumba Pickering, mji ulio upande wa mashariki, ukishavuka tu mto Rouge. Kila niliyemuuliza alinionya kwamba kule mtu haishi bila gari. Gari sikuwa nalo, na leseni ya udereva ya jimbo la Ontario ilikuwa bado mbali. Nimeishi vizuri, na ninayaandika haya kwa ndugu anayekuja akiwa na hali kama yangu.

Kwanza uujue mji wenyewe. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 99,186, lakini eneo lake ni kilomita za mraba zaidi ya 230. Kusini, kuelekea Ziwa Ontario, nyumba zimebanana. Kaskazini kuna mitaa mipya, na bado kuna mashamba na vijiji vya zamani kama Whitevale. Sehemu ya mashamba hayo imebaki kwa sababu ambayo sikuitegemea: mwaka 1972 serikali kuu ilitwaa ardhi ya wakulima ili ijenge uwanja mwingine wa ndege. Haukujengwa kamwe, na Januari 2025 serikali ikatangaza kuachana na mpango huo. Nilifurahi sana. Ila kwa mtu wa miguu, anwani iliyoandikwa Pickering haimwambii kitu. Unaweza kupata chumba kizuri, cha bei nafuu, mahali ambapo basi haliji mpaka uliagize kwa simu.

Kwa hiyo nilianza na stesheni ya treni, nyumba ikafuata. Nilitaka umbali ambao ningeweza kuutembea Januari, njia ikiwa na barafu. Besimenti (makao ya chini ya nyumba) niliyopata karibu na barabara ya Liverpool ina dirisha dogo na jiko la kawaida tu. Kabla ya kusaini mkataba nilitembea kutoka mlangoni hadi stesheni alfajiri, saa ileile ya kwenda kazini, nione taa za njiani na mahali pa kuvukia.

Treni za GO, zinazounganisha Toronto na miji ya jirani, zimekuwa zikisimama Pickering tangu 1967, mwaka ule ule huduma hiyo ilipoanza. Nafika Union, stesheni kuu ya katikati ya Toronto, chini ya saa moja. Tena ukigusisha kadi ya Presto ya kulipia nauli na kuunganisha treni na basi la Durham, mkoa ulio na Pickering, au la TTC, shirika la usafiri la Toronto, ndani ya muda uliowekwa, ile nauli ya basi husamehewa. Kwangu hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Lakini kilichoniwezesha hasa ni daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara kuu ya 401. Barabara hiyo imeukata mji vipande viwili: stesheni iko kusini, maduka yako kaskazini. Daraja limefunikwa, upepo na theluji havikupati, na usiku lina taa. Ukishuka upande wa pili unafika kwenye jengo la maduka lililokuwa likiitwa Pickering Town Centre, na mbele kidogo ni ofisi za jiji na maktaba kuu. Mambo yangu mengi ya wiki nayamaliza hapo kwa miguu. Nikitaka kwenda mbali, basi la Pulse namba 900 linapita barabara ya Kingston, upande mmoja hadi chuo kikuu kilichoko Scarborough, upande mwingine Oshawa.

Nyumbani waliniuliza sana kuhusu kinu cha nyuklia kilichopo ufukweni. Kipo kweli, kilianza kuzalisha umeme 1971, na ukisimama mwisho wa barabara ya Liverpool, penye ghuba ya Frenchman's, unakiona. Kaya zilizo ndani ya kilomita 10 hupewa bure vidonge vya madini joto (iodini), vinavyozuia tezi ya shingo isinyonye iodini yenye mionzi ajali ikitokea. Ukihamia, uliza kama vilivyoachwa nyumbani bado havijaisha muda. Kama havipo, agiza vyako. Vyangu viko kabatini, na sipotezi usingizi.

Basi ukipiga simu kuulizia chumba, usianze na kodi. Muulize mwenye nyumba makutano ya barabara yaliyo karibu, nani husafisha theluji ya mlango wa pembeni, na basi la mwisho la Jumapili hupita saa ngapi. Asipojua hilo la basi, nenda ukalitazame mwenyewe kituoni.